Uso wa Mama Mkwe

Wewe unayesoma haya, unaujua uso wa mama mkwe wako?

Gideoni hakuujua. Alimwoa Esteria kwa ndoa ya kanisani, wakazaa, wakazika mtoto mmoja na kumlea mmoja, na kila mvua zilipoanza aliomba ruhusa kazini akaenda kuwalimia wakwe zake pale Kichiwa. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kumtazama mama yake Esteria usoni. Aliijua kanga yake, aliyojitanda mpaka puani. Alivijua visigino vyake vilivyopasuka kwa baridi. Sauti yake aliijua vizuri zaidi, maana ilikuwa sauti ya mtu aliyezoea kuamuru. Lakini wakikutana njiani, mama huyo, jina lake Fidelia, alijitosa mahindini, naye Gideoni akageukia upande wa pili na kuanza kuchunguza mawingu kama mtu aliyepoteza kitu huko juu. Ndiyo heshima ya wazee wa Kibena: mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani. Mwaka ule wa 1953 vijana wa Makambako walikwisha kuanza kuicheka desturi hiyo. Mama Fidelia hakuwa kijana wa Makambako.

Sasa fikiria adhabu hiyo kwa mtu kama Gideoni, ambaye katika dunia hii hakupenda kitu kuliko kutazama.

Kazi yake ilikuwa kutunza stoo ya mizigo pale Makambako, malori ya Njombe yanapokutana na yale ya Iringa na Mbeya. Mapenzi yake yalikuwa kamera, sanduku jeusi aliloachiwa na muuguzi mmoja wa misheni aliyerudi kwao Ulaya. Muuguzi alimfundisha kutia filamu, kuisafisha gizani kwa dawa, na kuitoa picha kwenye karatasi. Mengine alijifundisha mwenyewe, na hayo mengine ndiyo yaliyomfanya aonekane mwendawazimu.

Maana watu walijua picha ni nini. Picha ni kuvaa nguo ya Krismasi, kusimama wima kama mti wa simu, mikono imebana mapajani, na viatu vyote viwili vionekane. Gideoni alipiga gome la mti wa mwati lililobanduliwa likajikunja. Alipiga sakitu, ule umande ulioganda, juu ya majani ya kabichi kabla jua halijaila. Alipiga vidole vya bibi mmoja akimenya njegere, vidole tu, bila bibi. Siku moja alimpiga Alfonsi, utingo wa lori, Mkatoliki wa Uwemba mwenye mdomo usiofungwa hata na Ijumaa Kuu.

Alfonsi aliigeuza picha yake mbele na nyuma. "Miguu yangu iko wapi?"

"Nimepiga uso."

"Nimevaa viatu vipya, nimesimama juani mpaka jasho likanitoka, wewe unapiga uso? Uso huu ninao kila siku bure!"

"Tazama mwanga ulivyokaa hapo shavuni."

"Mwanga! Nusu ya uso umeitia gizani kama nimetoka kuiba. Nikimpelekea mama picha hii, ataniuliza nimefungwa jela gani."

Lakini hakuirudisha. Aliitia mfukoni mwa shati, na kila lori liliposimama akaonekana akiichungulia tena.

Siri ya Gideoni ilikuwa kipande cha chupa ya bia, ile ya rangi ya kahawia, alichokisugua kingo zake kwenye jiwe mpaka zikawa laini. Akitaka kupiga kitu, kwanza alikiweka jichoni. Humo ndani, kijani cha migomba na wekundu wa udongo na maua ya kanga vilififia, ukabaki mwanga na kivuli tu. Watu wa stoo walisema wenzake hunywa kilichomo, yeye anakunywa chupa yenyewe. Akawaacha wacheke. Kwake rangi ilikuwa kama watu wanaosema wote kwa pamoja sokoni. Picha nyeusi na nyeupe huwanyamazisha, ndipo unapomsikia yule aliyekuwa akinong'ona. Ilimpasa mtu ajue weusi wa masizi si weusi wa kivuli, na weupe wa unga si weupe wa ukungu, na kwamba kati ya hivyo viwili kuna kijivu kingi kuliko majina tuliyonayo. Hiyo ni sanaa, na anayedhani sanaa huja kwa meli tu kutoka Ulaya na aende akaingoje bandarini. Wazungu waliopita Makambako kwenda Rhodesia walishusha vioo vya magari yao wakawapiga picha mama zetu bila hata kuzima injini, kama watu wanaochuma maua ya njiani. Mtu mmoja alikaa na mwanga wa nchi hii mpaka akaujua tabia, naye alikuwa mtunza stoo.

Mwezi wa sita, baridi ilipokuwa kali, habari ilitoka Kichiwa. Mama Fidelia alikuwa na uvimbe tumboni. Daktari wa misheni alisema lazima apasuliwe, na lori la viazi lingempeleka hospitali Jumatatu asubuhi. Kwa watu wa Kichiwa, kupasuliwa tumbo na kuzikwa vilikuwa majirani.

Gideoni alifika Jumamosi jioni. Esteria alikwisha kutangulia. Alimkuta nyuma ya nyumba ya kaka yake, ameketi na beseni la viazi ambavyo hakuwa akivimenya.

"Baba Jeni," alisema, "unakumbuka dada yangu Lucia?"

"Namkumbuka."

"Pua yake ilikuwaje?"

Gideoni akafikiri. Lucia alikuwa amefariki kwa homa, miaka mingi imepita. "Kwa kweli, sikumbuki."

"Mimi pia sikumbuki. Dada yangu wa tumbo moja! Najua alikuwa mrefu, najua alicheka sana, lakini usoni pamefutika." Akaliweka beseni chini. "Sitaki mama naye anifutikie. Mpige picha."

"Mimi? Mimi siwezi kumtazama!"

"Wewe ndiwe mwenye kamera. Tafuta njia."

Asubuhi ya Jumapili, baada ya ibada, shauri likaanza. Mama Fidelia alikuwa ndani ya jiko lake, Gideoni nje nyuma ya ukuta, na Esteria mlangoni akipeleka maneno, ingawa kila mmoja alimsikia mwenzake bila shida yoyote. Maana mkwe na mama mkwe hawaambiani neno moja kwa moja.

"Mwambie mama," alisema Gideoni, "kamera hii ina adabu. Mpigaji hainui uso. Anainamisha kichwa, anatazama kioo kidogo hapa juu. Sitamtia aibuni, wala sitamwona yeye. Nitaona kioo."

"Mwambie mkwe," ilisema sauti kutoka ndani, "kioo kikinionyesha mimi, ameniona mimi. Asinifanye mtoto."

Kaka yake Esteria, Efraimu, mzee wa kanisa, aliyekuwa akisikiliza huku ameegemea jembe, akacheka. "Shemeji, hapo umeshindwa kesi."

Gideoni akakuna kichwa. "Basi mwambie nitageuka. Nitampa kisogo, nifyatue kwa mkono wa nyuma."

Ndani kuni zikapasuka motoni.

"Na hiyo picha yenyewe? Ikishatoka?"

"Mwambie itakuwa ya Esteria."

"Na yeye mkwe ataitazama?"

Gideoni akautazama ukuta. Hilo ndilo swali alilokuwa akilikimbia. Mama Fidelia alilijibu mwenyewe: "Uso ni uso, hata ukiwa wa karatasi. Akikubali kutouona, aje. Asipokubali, niacheni niende zangu na uso wangu."

Nani kati ya wachoraji au waimbaji angekubali sharti kama hilo, afanye kazi ambayo kila mtu ataiona isipokuwa yeye? Gideoni alimtazama mkewe, akaona jinsi alivyoushika mwimo wa mlango.

"Mwambie nimekubali," alisema.

Mama akatoka kwenda kujitayarisha, Gideoni akaingia jikoni. Ukuta wa nyuma ulikuwa mweusi kwa moshi wa miaka mingi, na mlango ulileta mwanga wa ukungu, laini kama maziwa yaliyoongezwa maji. Alimkalisha Esteria kwenye kigoda mahali ambapo mama angekaa. Akaweka kile kipande cha chupa jichoni. Shavu la mlangoni lilikuwa zuri. La ndani lilizama kabisa. Akatundika gunia jeupe la unga upande wa giza, likalirudishia shavu mwanga kidogo, kama mtu anayemkumbusha mwenzake neno alilosahau. Akaiweka kamera juu ya kinu kilichopinduliwa, akaiwekea jiwe bapa juu isitikisike.

"Inua kidevu. Kidogo. Umefanana na nani hapo?"

"Na mama," alisema Esteria. "Wote husema hivyo."

Gideoni akaondoa macho, akakitia kipande chake mfukoni.

Kutoka nje mama akaita: "Mwambie mkwe nitajifunga kilemba changu chekundu."

"Mwambie mama filamu hii haiujui wekundu. Kitatoka cheusi."

"Mwambie kitoke cheusi. Mimi nitajua ni chekundu."

Basi Gideoni akaketi chini, akaigeukia sehemu ya ukuta isiyo na kitu, mkono wake wa kulia umepinda nyuma mpaka kwenye kifyatulio. Akasikia visigino, kikohozi, kigoda kikilia. Mama Fidelia alikuwa ameketi nyuma yake, uso wazi, karibu kiasi kwamba aliinusa sabuni ya kilemba.

Efraimu alichungulia mlangoni. "Jamani! Nimewaona wawindaji wengi. Huyu wa kulenga kwa kisogo ndiye wa kwanza."

"Toka kwenye mwanga wangu, shemeji!"

Kwa kuwa humo ndani mwanga ulikuwa haba, jicho la kamera lilitakiwa likae wazi kwa muda, na mama asitikisike. Walikubaliana kwamba Esteria aimbe mstari mmoja wa wimbo wa kanisani, polepole, na mstari ukiisha Gideoni aachie. Esteria akaanza. Sauti yake ilitetemeka katikati, akavuta neno la mwisho mrefu kuliko kawaida, na Gideoni, kidole kikimuuma, akasubiri mpaka likafa lenyewe. Kisha akaachia.

"Amenipiga?" aliuliza mama. "Mwambie mkwe sikusikia kitu."

Mchana walijifungia katika ghala la mahindi. Walikuwa wameziba nyufa kwa udongo na mablanketi, na taa ya chemli wameifunika kitambaa chekundu. Gideoni alikuwa ameipasha dawa joto kando ya moto, kwa sababu katika baridi ya Njombe dawa hulala usingizi. Filamu aliisafisha kwa kuipapasa tu, akampa Esteria aitundike juu ya makaa ya jikoni ikauke. Jua lilipoanza kuteremka, ilikuwa tayari. Karatasi za picha zilikuwa tatu tu.

Gideoni aliilaza filamu juu ya karatasi kwa kupapasa, akiwa amefumba macho, akaifunua taa na kuhesabu moyoni, akaifunika tena, kisha akamkabidhi Esteria trei ya dawa na kumpa mgongo.

"Itikise polepole. Picha itakuja yenyewe. Ikifika pazuri sema, uitoe uitie kwenye trei ya pili. Ukichelewa itaungua, itakuwa nyeusi yote. Umesikia?"

"Nimesikia."

Maji yakachapachapa. Gideoni alitazama ukuta wa fito.

"Unaona nini?"

"Kilemba. Kinakuja. Cheusi."

"Na uso?"

Maji yaliendelea kuchapachapa, kisha yakaacha. Gideoni akasikia pumzi ya mkewe ikikatika.

"Esteria? Tayari?"

Shingo ya Gideoni ilitaka kugeuka peke yake, kama shingo ya ng'ombe anayeona majani. Karatasi ilikuwa ikiungua. Angegeuka kidogo tu, nani angejua? Akaukamata ufito wa ukutani kwa mikono miwili. "Esteria, itoe! Itoe!"

"Amekuwa mweusi," alisema Esteria kwa sauti ndogo. "Alikuja akanitazama, nikashindwa kusema. Sasa amezama. Nimemzamisha."

Alikuwa analia. Gideoni alirudi kinyumenyume, akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wake, ulioloa dawa, akaushika.

"Sikiliza, Mama Jeni. Humo kwenye maji hamna mama yako bado. Mama yako yuko nyumbani anakaripia kuku. Humo mna mwanga na kivuli tu. Usimtafute mama. Nitajie vitu. Shavu la mlangoni likiwa kama unga, sema unga. Likiwa kama jivu, sema jivu. Uwe macho yangu, mimi nitakuambia wakati."

Karatasi ya pili ikaingia majini.

"Kilemba?"

"Masizi. Masizi ya chini ya chungu."

"Vizuri. Shavu la mlangoni?"

"Bado... ukungu. Sasa jivu. Jivu la moto wa jana."

"La ndani?"

"Kama chungu kibichi, kabla hakijachomwa. Linazidi... kama udongo wa mtoni uliolowa."

"Unaiona mistari ya jicho?"

"Naiona. Myembamba. Kama nyayo za ndege kwenye majivu. Baba Jeni, kuna mwanga mdogo ndani ya jicho, mdogo kama punje ya ulezi!"

"Ni mweupe?"

"Mweupe kabisa."

"Na shavu la ndani, bado unaona ngozi au ni giza tu?"

"Ngozi. Kidogo tu. Inaondoka."

"Toa!"

Maji yakamwagika, trei ikagongana na trei. Kisha Esteria akacheka, kicheko cha mtu aliyedaka kitu kilichokuwa kikianguka. Gideoni alibaki amempa mgongo, jasho likimtoka katika baridi ile. Karatasi ya tatu hawakuigusa.

"Ikoje?" aliuliza.

Esteria alitafuta neno. "Ni nzuri" lilikuwa dogo mno, na alikwisha kufundishwa kutosema "ni mama".

"Ina kila kijivu," alisema.

Jioni aliipeleka kwa mama yake, imefungwa katika leso. Gideoni aliketi kwa Efraimu mbele ya viazi vilivyochemshwa, asile. Efraimu alimtania juu ya watu wanaochemsha madawa siku ya Bwana, akaona utani hauingii, akamsogezea chumvi. Esteria aliporudi, macho yalikuwa mekundu.

"Amesemaje?"

"Ameishika mpaka nikaondoka. Amesema nimwachie usiku huu."

Asubuhi ya Jumatatu ukungu ulishuka mpaka kwenye mapaa. Lori lilikwisha kufika barabarani, dereva akipiga honi kama aliyebeba maziwa badala ya viazi. Gideoni alisimama kando ya rundo la kuni uani, amegeuka kwa adabu, akingoja mama apite. Akasikia visigino vikija, vikisimama nyuma yake. Kitu chepesi kikawekwa juu ya kuni, na juu yake kijiwe.

Esteria alikuwa barabarani na mizigo. Uani hapakuwa na mtu wa kupeleka maneno. Kulikuwa na kuku mmoja anayechakura.

"Wewe kuku," ilisema sauti ya Mama Fidelia, "mwambie mkwe wangu nimegeuka. Mwambie, mtu hawezi kulima shamba akanyimwa kuonja. Atazame upesi, ukungu utailowesha. Kisha ampe Esteria."

Gideoni akageuka. Mama alikuwa amempa kisogo, kilemba chekundu, mabega yameinama kwa maumivu ya tumbo. Juu ya kuni ilikuwa picha, ndogo kama kiganja.

Mwanamke aliyekuwa humo hakuwa mkali. Hilo ndilo lililomshika kwanza. Alikuwa amechoka, na alikuwa karibu kucheka. Kidevu kilikuwa cha Esteria. Paji lilikuwa la Jeni, yule binti yake. Mkono mmoja ulitikisika wakati wimbo ulipovutwa, ukatoka kama moshi mapajani, na Gideoni, aliyeyachukia makosa, hakuona kosa. Alitazama mpaka machozi yakamlenga.

"Kuku," alisema, "mwambie mama nimeona. Mwambie aende salama, arudi."

"Mwambie sikio la kushoto amelitia giza mno," alisema mama, akaanza kwenda.

Efraimu alimpandisha mbele kwa dereva. Lori likakohoa, likawaka, likageuka taratibu na kupita mbele ya ua. Esteria alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, Gideoni upande huu. Mama Fidelia, katikati, alikuwa ameivuta kanga ikafunika shavu la upande wa mkwewe. Upande wa binti yake aliuacha uso wazi.